Somo: Kukalafati Mashua Kuukuu Inayovuja

Mashua ya mbao inayovuja haitengenezeki kwa kuzibwa kutoka ndani, kwa kuwa maji husukuma kutoka nje na kizibo hubanduka. Mishono, yaani nafasi kati ya ubao na ubao, husafishwa na kukalafatiwa, yaani kushindiliwa pamba yenye mafuta, kwa nje.

Hatua ya kwanza. Chombo kingali kinaelea, fua (chota na kumwaga nje) maji yote, kausha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, kwa matambara, kisha utazame maji yanakochomoza na upatie alama ya chaki. Usidanganywe na dimbwi, kwa sababu maji hufuata mataruma (mbavu za chombo) na kutuama mbali na tundu.

Hatua ya pili. Kipandishe pwani wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa sana), maji yakiwa yamejaa kabisa, ukisimamishe kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza. Maji mafu (siku ambazo maji hujaa kidogo) yatakayofuata hayatakifikia, ingawa utalazimika kusubiri bamvua la pili, takriban wiki mbili, ili kukishusha. Kwangua makombe na mwani, osha kwa maji yasiyo na chumvi, na uache mishono ikauke.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiharakisha, ni kuchokoa pamba ya zamani. Tumia chuma chembamba kisicho na makali, utoe pamba, chokaa na chumvi mpaka mbao safi ionekane pande zote mbili za mshono, maana pamba mpya ikiwekwa juu ya ile iliyooza haishiki. Chuma kikizama ndani ya ubao kwa urahisi, ubao huo umekwisha na ubadilishwe. Kagua pia misumari iliyotoa kutu.

Hatua ya nne. Sokota pamba kwa unene unaolingana na mwanya, iloweshe kwa mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya samaki), kisha uishindilie kwa chembeu (patasi ya kukalafatia) na nyundo ya mti. Usikaze kupita kiasi, kwani mbao zitavimba majini na pamba iliyojaa mno huweza kulegeza misumari. Funika mshono kwa chokaa iliyokandwa kwa mafuta, na umalizie kwa kupaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa, sehemu yote inayozama.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, silikoni ya madirisha haifai?
Jibu: Haifai, ndugu yangu. Haishiki kwenye mbao iliyokunywa mafuta, na mabaki yake huzuia dawa nyingine kushika.

Swali: Nimeshusha mashua jana, bado inaingiza maji. Nimekosea wapi?
Jibu: Huenda hukukosea. Mbao zilizokaa juani hunywa maji na kuvimba, kwa hiyo ipe siku moja au mbili huku upo (chombo cha kufulia maji) ukiwa karibu. Maji yasipopungua, rudia hatua ya kwanza.

Swali: Mwenye chombo wa awali alimwaga saruji kwenye ngama. Niivunje?
Jibu: Ivunje. Maji hunaswa kati ya saruji na mbao, na ubao huoza bila kuonekana. Tumia nyundo ndogo, na ukifika karibu na mkuku (uti wa chini wa chombo), bandua kwa mkono.