Kupanga vifaa vya mpakani kwa mtandao unaokua: ruta, faiba na umeme

Mwongozo huu ni wa fundi aliyekabidhiwa kuunganisha mtandao wa mtoa huduma wa kati na mitandao mingine: watoa tranziti (wanaokuuzia njia ya kufika intaneti yote) kwa upande mmoja, kituo cha kubadilishana trafiki kwa upande wa pili. Mfano wangu ni Dar es Salaam, ambako kebo za SEACOM na EASSy zinatua na TIX, kituo cha kubadilishana trafiki cha Tanzania, inafanya kazi. Tuseme trafiki ya kilele leo ni Gbps (gigabiti kwa sekunde) 18, na inaongezeka asilimia 40 kwa mwaka.

Muuzaji akija atakuanzia na kasi ya poti. Mwache amalize, halafu muulize mambo mengine, kwa sababu kasi ya poti mara nyingi huisha mwisho. Kinachoisha mapema ni nafasi ya njia (orodha ya mitandao ya dunia na pa kupeleka trafiki yake) ndani ya chipu, umeme wa raki, na mwanga kwenye faiba.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukichukulia nusu ya vifaa imezimika

Gbps 18 kwa asilimia 40 ni 25 mwakani, 35 mwaka wa pili, na karibu 50 mwaka wa tatu. Ukiwa na ruta mbili, kila moja lazima iweze kubeba hizo 50 peke yake siku mwenzake akilala. Watu wengi hugawa mzigo nusu kwa nusu, wanaona kila ruta ina asilimia 60, wanaridhika. Hiyo ina maana moja ikizima, inayobaki inadaiwa asilimia 120.

Kwa hiyo nunua ruta zenye poti chache za Gbps 100 na poti nyingi za 10 na 25. Poti ya 100 unaweza kuipasua kuwa nne za 25 kwa kebo maalumu, ukairudisha kuwa moja trafiki ikikua. Hakikisha tu kwenye nyaraka za kifaa ni poti zipi zinaruhusu kupasuliwa. Kwenye baadhi ya modeli, ukipasua moja jirani yake inafungwa.

Hatua ya 2: Mbili ndogo au moja kubwa?

Mimi huchagua ruta mbili za kisanduku kimoja kimoja, zisizopachikwa kadi, zikae majengo mawili tofauti. Chasisi kubwa (fremu moja inayopachikwa kadi nyingi) yenye bodi mbili za udhibiti inapendeza kwenye karatasi, lakini hitilafu ya programu inaweza kuziangusha zote mbili kwa pamoja, na umeme wa jengo ukikatika hakuna bodi itakayokusaidia. Kampuni kubwa nazo zimeanza kuipasua chasisi: mwaka 2019 AT&T iliipa Open Compute Project, jumuiya inayoshiriki miundo ya vifaa, muundo wa ruta iliyotawanywa, ambapo visanduku vya kawaida vinaunganishwa kwa kebo na kufanya kazi kama chasisi moja. Kwa Gbps 50 huhitaji hayo. Chukua wazo lenyewe: ongeza kisanduku, usibadilishe mfumo mzima.

Hatua ya 3: Uliza nafasi ya njia

Jedwali zima la intaneti sasa lina takriban njia milioni 1 za IPv4 na zaidi ya laki 2 za IPv6, mfumo wa zamani na mpya wa anwani za intaneti. Njia hizo hukaa sehemu mbili: kwenye RAM ya ruta, ambayo ni rahisi kuongeza, na kwenye chipu inayosukuma pakiti (vipande vya data), ambayo haiongezeki. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la IPv4 lilivuka njia 512,000, na ruta nyingi za zamani zilizokuwa zimetengewa nafasi kiasi hicho zikaanza kuyumba sehemu mbalimbali za dunia. Poti zilikuwa nzima. Chipu ndiyo iliyojaa.

Swali la kumwuliza muuzaji liwe hivi: "Chipu inabeba njia ngapi za IPv4 na IPv6 kwa wakati mmoja?" Akikutajia namba ya IPv4 peke yake hajajibu, maana njia ya IPv6 kwa kawaida hula nafasi kubwa zaidi. Mimi nataka angalau milioni 2 za IPv4 na nusu milioni za IPv6.

Kama bajeti hairuhusu, kuna njia ya mkato ambayo si aibu: swichi ya bei nafuu yenye uwezo wa njia laki moja hivi ipokee njia za TIX tu, ambazo ni za maelfu, na kutoka tranziti ichukue njia ya jumla pekee (yaani "kila kisichojulikana kipitie hapa"). Utapoteza uwezo wa kuchagua tranziti bora kwa kila safari, ila mtandao utasimama vizuri.

Hatua ya 4: Hesabu mwanga kabla ya kuagiza moduli

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tuseme faiba kutoka kwako hadi kituoni ni kilomita 14, ina viungio vinne. Ukitumia moduli (kichomekwa kinachotuma na kupokea mwanga) ya Gbps 10 aina ya LR, inayofanya kazi kwenye nanomita 1310: kilomita 14 kwa dB (kipimo cha upotevu wa mwanga) 0.4 kila moja ni 5.6, viungio vinne kwa dB 0.5 ni 2, jumla 7.6. LR inaweza kutuma kwa udhaifu wa hadi -8.2 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) na hupokea mpaka -14.4, yaani bajeti ni dB 6.2. Haitoshi. Inaweza kuwaka siku ya kufunga, kisha ikaanza kutoa makosa faiba ikishaungwa tena mara moja baada ya kukatwa na wachimba mitaro.

ER, moduli ya safari ndefu zaidi, hutumia nanomita 1550: kilomita 14 kwa 0.25 ni 3.5, jumlisha 2, ni 5.5. Inatuma kati ya -4.7 na +4, kwa hiyo upande wa pili utapata kati ya -10.2 na -1.5. Kikomo cha juu cha kupokea ni -1. Imepita, lakini kwa kuponea chupuchupu, basi weka kipunguza mwanga cha dB 3. Na usichomeke moduli za ZR, za safari ndefu kuliko ER, uso kwa uso ndani ya chumba kwa pachi kodi (kebo ya faiba) fupi: hutuma hadi +4 na haitakiwi kupokea zaidi ya -7. Utaunguza kipokezi.

Baada ya kufunga, pima kwa mita ya mwanga na uandike namba hiyo kwenye lebo ya kebo.

Hatua ya 5: Umeme

Ruta ya wati 600 kwenye volti 48 hula ampea 12.5. Betri zikishuka hadi volti 43 wakati wa mgao, hula karibu 14, kwa sababu wati hazipungui. Fyuzi ya 16 itakuwa imebanwa. Weka ya 20, na waya unaolingana nayo. Kila pawasaplai ibebe mzigo wote peke yake, na kila moja itoke kwenye laini yake ya umeme. Feni zote kwenye raki zivute upande mmoja.

Hatua ya 6: Poti ya kituo

MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) iwe baiti 1500. Zima LLDP na STP (itifaki ambazo vifaa hutumia kuongea na jirani) na ARP ya uwakala (ruta kujibu kwa niaba ya wengine), na hakikisha MAC (anwani ya kifaa) moja tu inaonekana. Vituo vingi huanza kukuweka VLAN (mtandao uliotengwa) ya majaribio mpaka uwe safi. Weka kikomo cha idadi ya njia kwa kila jirani wa BGP (itifaki ya kubadilishana njia) na uhakiki njia kwa RPKI (mfumo wa kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza njia).

Hatua ya 7: Chomoa

Saa nane usiku, ukiwa na ruhusa, chomoa pawasaplai moja, kisha faiba ya tranziti, kisha zima ruta nzima. Kila mara subiri BGP itulie, angalia vihesabu vya makosa kwenye poti zinazobaki, na joto la kifaa baada ya dakika kumi. Kama ruta iliyobaki imepoteza pakiti kwenye trafiki ya saa nane, usisubiri saa tatu usiku, wakati wateja wote wako nyumbani, ikuonyeshe zaidi: rudi hatua ya 1 na namba halisi mkononi.