Somo: Vitufe na modi za Canon PowerShot G7 X Mark II, hatua kwa hatua

Wadau, kamera ndogo za mfukoni zimerudi mikononi mwa watu, na wengi wanaoniuliza wanayo hii G7 X Mark II, toleo la 2016. Wameinunua, wakaiweka Auto, na hapo ndipo ilipobaki. Inauma, maana ndani ya kifaa cha gramu mia tatu na kitu kuna karibu kila kidhibiti anachokitumia mpiga picha wa harusi kwenye kamera kubwa.

Nauweka msimamo wangu mbele kabisa. Ukiwa na nafasi ya kujifunza kitu kimoja tu kwenye kamera hii, usianze na M (modi ya kupanga kila kitu mwenyewe), hata kama watu wa YouTube wanakuambia "pro anatumia M". Anza na gurudumu la namba kutoka −3 hadi +3. Nitafika hapo.

Hatua ya 1: Zijue sehemu

Ishike kamera mkononi. Juu upande wa kulia kuna kitufe cha kuwashia, kitufe cha kupigia picha chenye kijiti cha zumu kinachokizunguka, na magurudumu mawili yaliyopandana. La juu, dogo, ni la modi. La chini yake, pana, ndilo lenye −3 hadi +3.

Lenzi nayo imezungukwa na pete unayoweza kuipa kazi: ibadilishe ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga), tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), zumu au fokasi. Chini ya pete kuna kijiswichi. Upande mmoja pete inazunguka kwa kukwaruza, ka-ka-ka. Upande wa pili inateleza kimya. Kwenye picha acha ikwaruze ili kidole kihesabu. Kwenye video iteleze, la sivyo maiki inanasa kila mkwaruzo.

Nyuma kuna skrini ya kugusa na gurudumu dogo lenye Q/SET katikati. Q/SET ndiyo njia ya mkato ya kubadilisha mambo mengi bila kuzama kwenye menyu. Alama ya ua, kushoto, ni ya kupiga vitu vya karibu sana. Alama ya radi, kulia, ni flashi. Lakini flashi yenyewe haichomozi kwa kubonyeza radi: kuna kijiti ubavuni cha kuiinulia.

Hatua ya 2: Bonyeza nusu, subiri, malizia

Kitufe cha kupigia kina ngazi mbili. Bonyeza taratibu mpaka nusu, usikie "pi-pi" na uone kiboksi cha kijani. Hapo kamera imeshafokasi na kupima mwanga. Kidole kikiendelea kukaa nusu, fokasi imefungwa, unaweza kusogeza kamera upange picha yako, kisha malizia kubonyeza. Picha nyingi zenye ukungu wa kutofokasi chanzo chake ni kidole kilichotwanga kitufe mara moja.

Hatua ya 3: Auto, na ile Auto nyingine

Auto haina cha kueleza. Ila jirani yake ipo Hybrid Auto, na hii iangalieni: kila kabla ya picha inarekodi video ya sekunde 2 hadi 4, kisha inaziunganisha ziwe filamu fupi ya siku nzima. Inapendeza safarini. Lakini inakula betri na memori kadi, na hao unaowapiga hawajui kwamba maneno yao ya kabla ya "tabasamu" yamerekodiwa.

Hatua ya 4: P na gurudumu la +/−

Hapa tukae kidogo.

Kwenye P, kamera inachagua kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga, kama 1/250 ya sekunde) na tundu la lenzi, wewe unabaki na ISO, rangi, flashi na, muhimu zaidi, gurudumu la +/−. Kwenye Auto gurudumu hilo halifanyi kazi. Ndiyo sababu nawatoa huko.

Kamera haijui kama inatazama shela, kanzu au ukuta wa chokaa. Inapima mwanga tu, na imeundwa kuamini kwamba kila mandhari, ukiichanganya yote, inatoa kijivu cha wastani. Sasa weka mbele yake bwana harusi na wapambe wanne wenye kanzu nyeupe. Inaona mwanga mwingi kuliko inavyotarajia, inaubana, na kinachotoka ni kanzu za rangi ya majivu na nyuso zilizozama gizani. Kamera haijaharibika. Sogeza gurudumu kwenye +⅔ au +1, piga tena, kanzu zinakuwa nyeupe na nyuso zinafunguka.

Mtu aliyekaa mbele ya dirisha au bahari inayong'aa, vilevile: +1, mara nyingine zaidi.

Upande wa pili ni kwaya iliyovaa majoho meusi, au uso wa mtu mweusi kama wengi wetu uliojaza fremu nzima. Kamera inaona weusi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Ngozi inapauka, ule mng'ao wa shavuni unageuka doa jeupe. Rudisha −⅓ hadi −⅔ na ngozi inarudi kuwa ngozi. Watu wengi hapa wanailaumu lenzi au wanakimbilia "filta" za simu, wakati dawa ilikuwa kidoleni.

Utajuaje umezidisha? Fungua picha uliyopiga, bonyeza INFO mpaka yatokee maelezo kamili pamoja na grafu. Sehemu zilizoungua zitakuwa zinamweka. Kikimweka kipande cha anga, achana nacho. Kikimweka kifua kizima cha shela, nakshi zimepotea, punguza.

Jambo moja tu: gurudumu hili ni la mkono. Ukizima kamera linabaki pale ulipoliacha. Kabla ya kupiga, litupie jicho.

Hatua ya 5: Av, wewe na tundu la lenzi

Av ni modi ambayo unachagua tundu la lenzi, kamera inatafuta shata. Namba ndogo, tundu kubwa. Lenzi hii inafika f/1.8 ukiwa umefungua upana wote na f/2.8 ukivuta zumu hadi mwisho, na hicho ndicho kilichoifanya ipendwe.

Ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu kaa kwenye namba ndogo kabisa. Ukitaka nyuma ya mtu pawe na ukungu, usimpige kwa upana: vuta zumu hadi mwisho, f/2.8, msogelee, na yeye umtoe mbali na ukuta. Picha ya familia ya safu mbili, f/4 inatosha. Msiwaige wenye kamera kubwa wanaokwenda f/11: sensa yetu (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni ndogo, na f/4 hapa inashika kina cha fokasi, yaani eneo lenye makali mbele na nyuma, karibu sawa na f/11 ya kule. Mkienda f/11 kweli kwenye hii, mtapata picha laini isiyo na makali.

Na saa sita mchana ufukweni? ISO 125, f/1.8, jua kali: shata inayotakiwa ni kama 1/10000, nayo kamera hii ina mwisho wa 1/2000. Namba ya shata itageuka rangi ya machungwa kukuonya. Suluhisho limo humo humo: bonyeza Q/SET, tafuta ND, iwashe. Ni kioo cheusi kinachoshuka ndani ya lenzi na kuacha mwanga mmoja tu katika nane upite. Jioni kizime.

Hatua ya 6: Tv, wewe na kasi

Tv haina uhusiano na televisheni. Unachagua kasi ya shata, kamera inatafuta tundu. Mtu anayetembea, 1/250. Ngoma, watoto wanaokimbia, mpira wa mchangani, 1/500 hadi 1/1000. Bodaboda inayopita ukitaka yenyewe ionekane na barabara iwe mistari, 1/30, huku ukiifuatisha na kamera kwa mwendo wake na mkono usisite unapobonyeza.

Ukibonyeza nusu na namba ya tundu ikawa ya machungwa, maana yake mwanga hautoshi au umezidi kwa kasi uliyotaka. Ukiwa hautoshi, shusha kasi au pandisha ISO; ukizidi, fanya kinyume. Kwenye menyu unaweza kuwekea ISO ya kujiendesha ukomo; mimi naweka 3200, kwa sababu juu ya hapo chengachenga za kivulini zinaanza kunikera.

Hatua ya 7: M, C na SCN

M naitumia usiku, kamera ikiwa kwenye stendi au juu ya ukuta. Mfano taa za Forodhani: ISO 125, f/4, anza na sekunde 2, tazama, ongeza au punguza. Weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise, na ukiwa kwenye stendi zima kituliza mtikisiko.

C inahifadhi mipangilio yako, nitaijibia chini. Kwenye SCN, modi za mandhari maalumu, zipo nyingi, ila ya kukumbuka ni ile ya usiku bila stendi: inapiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha ziwe moja. Ya nyota nayo ni nzuri ukiwa kijijini kusiko na taa.

Maswali ya wadau

*Mkuu, mimi wa Mwanza. Video zangu za ukumbini zina mistari ya giza inayopanda na kushuka. Kamera mbovu?*

Nzima kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Bila shaka kamera yako imewekwa NTSC, mfumo wa Marekani. Ingia menyu, badilisha mfumo wa video uwe PAL, chagua fremu 25, kisha kwenye video ya kujipangia weka shata 1/50. Mistari itaondoka. Kukiwa na mwanga mwingi, 1/100 nayo inafaa.

*Asalaam alaykum. Niko Maskati. Nikitoka ndani kwenye kiyoyozi lenzi inajaa ukungu, nafuta unarudi. Nifanyeje ndugu yangu?*

Waalaykum salaam. Usifute, na usifungue mlango wa betri. Ni mvuke wa nje unaoganda kwenye kioo baridi. Kabla ya kutoka, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki, toka nayo, iache humo kama nusu saa mpaka ipate joto la nje, ndipo uifungue. Watu wa Mombasa na Dar wanaolala na AC, hili ni lenu pia.

*Naombeni msaada, yangu ni Sony RX100. Sioni Av wala Tv.*

Sony wameandika A na S, Nikon vilevile. Kazi ni zile zile. Ila RX100 ya kwanza haina gurudumu la nje la +/−. Bonyeza chini kwenye kigurudumu cha nyuma.

*Shikamoo mwalimu. Kamera yangu ni ya zamani, ina Auto tu. Nimeachwa?*

Marahaba, hujaachwa. Bonyeza nusu ukiwa umeielekeza mahali penye mwanga unaotaka, kwa umbali ule ule wa mtu wako, kisha mrudie mtu huku kidole kikiwa nusu, malizia. Kanzu nyeupe zikikusumbua, pimia kwenye kitu cheusi kidogo, kama mlango wa mbao uliopo karibu nao. Ni +/− ya kienyeji, lakini inafanya kazi.

*Kaka, nipige RAW au JPEG? Wateja wangu wanataka picha WhatsApp siku hiyo hiyo.*

Zote mbili kwa pamoja, kamera inaruhusu. JPEG unamtumia mteja, RAW, faili ghafi la kamera, unabaki nayo kwa ile picha moja ya albamu iliyokosewa mwanga. Na WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na kazi yako yote inakwenda na maji.

*Nimealikwa kupiga nikahi msikitini. Flashi sitaki, na mlio nao sitaki.*

Vizuri umefikiria mapema. Flashi usiiinue, basi. Kwenye menyu zima sauti zote, halafu zima na ile taa ndogo ya mbele inayosaidia fokasi, maana hiyo ndiyo inayomulika macho ya shekhe. Shata ya kamera hii ni ya ndani ya lenzi, utasikia kama kitu kinachogusana tu. Av, namba ndogo kabisa, +⅔ kwa ajili ya kanzu.

*Umeahidi C. Inawekwaje?*

Panga kila kitu kwanza: kwa huyo wa nikahi, Av na ISO ya kujiendesha yenye ukomo. Ukiwa bado kwenye Av, ingia menyu, tafuta sehemu ya kuhifadhi mipangilio, thibitisha. Siku ukizungusha gurudumu hadi C, yote yanarudi. Isipokuwa +/−, hilo utalizungusha mwenyewe.