SOMO: Kupeleka watoto kwenye bembea kubwa bila kulizana getini

Kila Iddi ikikaribia na kila shule zikifungwa naulizwa kitu kile kile, ati tunaenda Wonder World, ile bustani ya michezo na bembea pale Kansanga, Kampala, na watoto, tuanzie wapi. Naandika mara moja tu, ukiniuliza tena nakutumia linki. Na siuzi tiketi, sina mjomba anayefanya kazi huko.

Hatua ya 1. Piga simu jana yake, uliza bei na michezo gani inafanya kazi siku hiyo.

Hatua ya 2. Taksi (matatu) za Ggaba Road, shuka Kansanga. Toka mapema, jamu ya Kabalagala unaijua.

Hatua ya 3. PIMA WATOTO NYUMBANI. Hii ndiyo ilituharibia siku sisi kwa hiyo soma polepole. Chukua tepu ya fundi cherehani, mtoto avue viatu, visigino viguse ukuta, weka kitabu bapa kichwani, piga alama ya penseli, pima kwa sentimita, andika kwenye simu. Kwa sababu mchezo wowote wa kasi una kipimo cha kimo pale getini, na duniani kote kimo kinachotajwa sana kwa rolakosta (kile kitreni cha kasi kinachopanda na kushuka) ni sentimita 120, kubwa zaidi hata 140, na vile vya wadogo vingine vina kikomo cha juu pia, ukizidi hupandi. Sasa mtoto wa 117 anasimama foleni na dada yake jua linawaka, wanafika mbele, dada anapita yeye anarudishwa. Hicho kilio utatembea nacho mpaka jioni.

Onyo: usimjazie soksi kwenye viatu aonekane mrefu. Onyo la pili: usigombane na kijana wa getini, wala usimpe kitu kidogo. Kile chuma kinachoshuka mapajani kimetengenezewa mwili wa kiasi fulani, mtoto mdogo anaweza kuchomoka chini yake, ushujaa wake hauhusiki hapo. Na umri si kipimo, kuna wa miaka 9 mfupi kuliko mdogo wake.

Ukishajua vimo, gawa familia huko huko nyumbani, wakubwa na baba, wadogo na mama au shangazi, na kubalianeni mtakutana wapi saa ngapi. Mtoto akijua tangu nyumbani kwamba yuko kundi la farasi wa kuzunguka halii. Au analia kidogo.

Hatua ya 4. Bangili ya siku nzima au tiketi moja moja? Gawanya bei ya bangili kwa bei ya mchezo mmoja, upate ni michezo mingapi lazima apande ndipo pesa irudi. Siku ya kawaida anafikisha. Siku ya Iddi au Krismasi foleni inamla, nunua tiketi.

Hatua ya 5. Vinavyozunguka kwanza, chakula baadaye. Ukimpa roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya mayai mawili halafu ukampandisha, roleksi mtaiona tena.

Hatua ya 6. Virefu vipandwe mapema. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, wingu la ziwani halina adabu, na radi ikinguruma gurudumu kubwa linasimamishwa, hapo bangili yako ni pambo.

MASWALI

Baba Shamim: Bei ya kuingia ni ngapi kwa sasa?
— Hatua ya 1.

Mwana wa Kisenyi: Sasa kama mtoto ana 118 si unaongea nao tu, watu tunaelewana hapa Kampala
— Ssebo (bwana) umesoma lakini? Ongea na huyo wa getini, kisha ongea na kile chuma pia, uone kama kitakuelewa.

Mwana wa Kisenyi: Nimeuliza tu, mbona mkali
— Sawa. Ila 118 hapandi.

Nyanya Halima: Mwanangu asante kwa somo. Mjukuu wangu ameniuliza nikashindwa kujibu, yale magari ya kugongana mbona yana mkia mrefu unaogusa dari?
— Nyanya swali zuri sana hili. Ule mkia ni njia ya umeme. Dari ina wavu wa chuma, sakafu nayo ni chuma, na umeme unapita kutoka wavuni, unashuka kwenye mkia, unaingia kwenye mota ya gari unatokea sakafuni, na akikanyaga pedali ndipo mzunguko unakamilika gari linaenda. Zile cheche ndogo juu ni mkia unaruka kidogo kwenye wavu. Kuna mapya yanayotumia betri, hayana mkia. Mwambie asishuke mpaka yasimame yote, hatari kubwa ni kugongwa miguu na wenzake.

Nyanya Halima: Amefurahi huyo, anataka awe injinia sasa.

Dada Rehema: Mimi kizunguzungu hata kwenye taksi, ile merikebu inayobembea nitaiweza?
— Kaa katikati dada. Mwisho wa merikebu ndiko inakopanda juu zaidi na tumbo linabaki hewani, katikati inatikisika kidogo. Angalia kitu kilicho mbali kimetulia, mti au paa, usitazame simu, macho na sikio la ndani vikibishana ndipo kichefuchefu kinakuja.

Boda wa Bwaise: Ongeza kuhusu mitandio mkuu, mimi abiria wangu kila siku ncha inataka kuingia kwenye gurudumu
— Ndiyo, nilisahau. Mtandio mrefu, buibui pana, kamba za sweta, vyote hivyo ni hatari kwenye vile vigari vya mbio vya chini, ekseli ikiushika inavuta shingo. Funga kwa nyuma, ncha zote chomeka ndani ya nguo.

Dada Rehema: Pini za sumaku zinashika?
— Hapana, upepo ukiingia zinaruka. Tumia pini ya kufunga nepi, na ndala waache nyumbani, wavae viatu vya kamba.

Baba Shamim: Na kuegesha gari wanalipisha?
— Baba Shamim, simu unayo mkononi.