CB au mita kumi? Redio ya SSB kwenye lori la Marekani

Kule Singida nilikokulia, zahanati ya misheni ilikuwa na redio upepo mezani kwa mganga. Ikiita, ilitoa sauti ya bata. Mganga alizungusha kitufe kimoja polepole, kwa ncha za vidole, mpaka bata akageuka kuwa sista wa Itigi anayeuliza kama gari la dawa limeshafika. Miaka mingi baadaye, nikivuta treila la friji kutoka Texas kwenda Utah, nilibonyeza swichi ya LSB kwenye CB yangu, ile redio ya madereva wa malori, nikakutana na bata yule yule. Hiyo ndiyo SSB, single sideband, yaani kutuma upande mmoja tu wa wimbi.

Madereva wenzangu Waswahili wakiniomba ushauri wa redio huanza na wati. Mimi huwauliza kwanza: unataka kuongea na nani?

Kama ni malori yaliyo mbele yako, uulize foleni au mizani imefunguliwa, unahitaji CB ya kawaida, chaneli 19, AM. Pale hakuna SSB, na ukiongea SSB watakusikia kama huyo bata. SSB ya CB iko juu zaidi, chaneli 36 hadi 40, na watu huitana chaneli ya 38, upande wa chini, yaani LSB. Sheria inakuruhusu wati 4 kwenye AM na wati 12 za kilele kwenye SSB, bila leseni yoyote. Faida hailetwi na hizo wati za ziada peke yake. AM hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwenye wimbi lisilobeba neno hata moja, halafu inatuma maneno yale yale mara mbili, kila upande. SSB inatupa wimbi hilo na upande mmoja, nguvu yote inaingia kwenye sauti.

Redio ya mita kumi ni ya bendi nyingine, megahezi 28 hadi 29.7, ya wapenzi wa redio wenye leseni. Kwa daraja la kwanza, Technician, unaongea SSB kuanzia 28.300 hadi 28.500, mwisho wati 200. Mtihani una maswali 35, ukipata 26 umefaulu, na maswali yote yamewekwa wazi uyasome kabla. Si lazima uwe raia. Muhimu uwe na anwani ya posta ya Marekani. Mimi nilisomea kwenye simu wakati wa mapumziko ya lazima ya saa kumi, wiki tatu tu.

Sasa tofauti utakayoiona mkononi. CB inaruka chaneli kwa chaneli, na kitufe cha kunyoosha sauti, klarifaya, kinasogeza upokeaji kidogo tu. Mtu aliye nje kidogo ya chaneli utamfukuzia bila kumpata vizuri. Redio ya mita kumi inakuonyesha masafa kwa tarakimu, nawe unateleza taratibu mpaka sauti ikae. Ukijifunza, fanya hivi: anza sauti ikiwa nyembamba ya bata, zungusha kitufe mpaka iwe nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, kisha rudi nusu ya ulipotoka. Kwenye mita kumi watu hutumia upande wa juu, USB (siyo ile ya kuchajia simu, ingawa hiyo nayo nitaitaja).

Ukienda kununua, omba redio iwashwe, uiache dakika kumi na tano kwenye SSB huku unasikiliza mtu mmoja. Redio isiyotulia huhama masafa inapopata joto. Kwenye AM hutagundua. Kwenye SSB, asubuhi ya baridi pale Laramie, utakuwa unashika klarifaya kuliko usukani. Mwangwi na milio ya mapambo usilipie hata senti; mwangwi kwenye SSB unakufanya uonekane unaongea ndani ya kisima.

Hapo kuna mtego ulionigharimu. Duka moja la kituo cha malori liliniuzia redio ya mita kumi “iliyofunguliwa”, yaani imekatwa waya ndani ili iingie pia kwenye chaneli za CB. Muuzaji alisema moja inafanya kazi ya mbili. Kisheria haifanyi: redio isiyoidhinishwa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa CB hairuhusiwi kutuma pale, hata ukiishusha iwe wati 4. Na kiufundi nilijichoma mwenyewe. Antena yangu ilikuwa imepimwa kwa megahezi 27, nikapanda 28.4 nikaongea kwa nguvu zote bila kuangalia mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena. Siku ya pili redio ilikuwa inasikia vizuri, haitumi. Transista za mwisho zilikuwa zimekwenda.

Kwa hiyo pima kabla ya kuongea. Egesha mahali pa wazi, milango imefungwa, wati chache. Kwa CB pima chaneli 1 na chaneli 40. Mita ikisoma zaidi kwenye 40, antena ni ndefu, ipunguze. Ikisoma zaidi kwenye 1, ni fupi. Chini ya 1.5 ni safi, chini ya 2 inavumilika, ikigusa 3 usibonyeze maiki. Fimbo kamili ya robo wimbi hupungua kama sentimita 11 kutoka CB hadi 28.4, ndiyo maana sasa nina antena mbili na redio mbili. Ukiwa na kabini ya alumini, antena ya sumaku haitashika. Tafuta kishikio cha kioo cha pembeni, uhakikishe chuma chake kimegusana kweli na mwili wa lori, siyo na rangi.

Umeme: CB inatosheka na zile ncha mbili za umeme zilizo juu ya kioo cha mbele. Redio ya mita kumi ya wati 50 usiichomeke kwenye tundu la sigara. Vuta waya mnene hadi betri, fyuzi kwenye waya zote mbili karibu na betri. Ukisikia mngurumo usioisha, chomoa chaja ya simu kwanza. Yangu ya dola nane ilikuwa inameza nusu ya stesheni zote.

Kwenye mita kumi usiongelee mzigo wala malipo, biashara hairuhusiwi. Kiswahili kinaruhusiwa, ila jina lako la kituo ulitaje kwa Kiingereza kila dakika kumi na mwisho wa maongezi.

Mwaka fulani, mwezi wa Novemba, nilikuwa Amarillo, Texas, nasubiri kupakua, saa nne asubuhi, yaani saa moja jioni Nairobi. Nikasikia kituo ambacho jina lake linaanza na 5Z, yaani cha Kenya, kikiita. Nilijibu mara mbili, wenye antena kubwa wakanifunika. Ya tatu nilitaja jina la kituo changu, nikaongeza “habari za jioni”. Kimya kidogo, kisha: “Nzuri! Wewe Mswahili uko wapi huko?”