Kununua fleti ya kupangisha Ufaransa: anza na herufi ya DPE

Ukiona fleti Ufaransa inauzwa bei ya kutupa, usikimbilie picha za baraza. Tafuta kwenye tangazo herufi ya DPE, cheti cha matumizi ya nishati kinachopanga nyumba kuanzia A hadi G. Tangu Januari 2025, huko Ufaransa bara nyumba ya G haipangishwi kwa mkataba mpya wa makazi. Za F zitafuata 2028, za E 2034. Mara nyingi hiyo ndiyo siri ya bei kuwa chini, na kuipandisha daraja nyumba ya mawe ya zamani si kazi ya kupaka rangi tu.

Halafu omba mihtasari ya vikao vya wamiliki wa jengo, angalau ya miaka 3. Isome yote, hata ikibidi umlipe mtafsiri. Ukikutana na neno "ravalement", simama hapo: ni ukarabati wa kuta za nje, na gharama hugawanywa kwa wamiliki wote, wewe ukiwemo.

Kwa nyumba ya zamani, tenga kama asilimia 7 hadi 8 juu ya bei kwa ushuru na ada za notaire, yaani mwanasheria rasmi anayesimamia mauzo ya nyumba. Ukisaini mkataba wa awali kama mtu binafsi, una siku 10 za kughairi bila kutoa sababu, na amana yako inarudi. Na tafadhali, chukua notaire wako mwenyewe. Yeye na wa muuzaji hugawana ada ileile, kwa hiyo hakuongezei gharama.