Usiwaunguze bakteria wa mtindi

Ukigandisha maziwa nyumbani, yachemshe kisha yaache hadi uweze kushika sufuria kwa kiganja bila kuutoa mkono, nyuzijoto kama 43 hivi. Hapo ndipo unakoroga vijiko viwili vya mtindi wa jana. Ukiwa na haraka, bakteria wanaungua na asubuhi unakuta maziwa yaleyale. Funika, vingirisha blanketi, usitikisetikise (watoto wangu hawaachi kuchungulia!). Mtindi wa dukani uliopashwa moto baada ya kuganda haufai kuwa mbegu, bakteria wake wameshakufa. Kule Mwanza, mradi ulioanza 2004 uliwafundisha akina mama kugandisha mtindi kwa Lactobacillus rhamnosus GR-1, bakteria aliyefanyiwa utafiti Kanada.