Jinsi ya kukagua korveti ya mtumba kabla ya kushangilia bei

Manowari kuukuu ikihamia jeshi la nchi rafiki, watu hukimbilia bei. Conrado Yap, korveti (manowari ndogo) ya Ufilipino, ilivuma kwa sababu Korea Kusini iliitoa kwa dola 100 tu, Agosti 2019. Kwa mtu aliyezeekea vyumba vya injini kama mimi, hizo dola 100 ni za kukamilisha makaratasi. Gharama yenyewe iko chini ya sitaha.

Anza na umri, ila usiishie kwenye mwaka ilioundwa. Meli hii, zamani ikiitwa Chungju, namba 762, ilistaafu mwishoni mwa 2016. Mimi nahesabu muda iliokaa tangu hapo mpaka ikakabidhiwa: zaidi ya miaka miwili na nusu. Meli inayosafiri ina watu wa kuipiga msasa, kuitia grisi na kukausha ngama (maji yanayokusanyika chini kabisa melini). Ikifungwa gatini sili, zile mpira za kuzuia uvujaji, hukauka, maji hulala kwenye mabomba, na kutu hujilia taratibu. Kwa hiyo uliza ilipandishwa lini chelezoni, kama mabati ya chini yalipimwa unene, na lini injini ziliwashwa zikabebeshwa mzigo. Kuwasha injini meli ikiwa imefungwa kamba ni maonyesho ya wageni.

Korveti hizi za aina ya Pohang zina injini mbili za dizeli za kampuni ya MTU kwa mwendo wa kawaida, na tabaini (injini ya mapanga yanayozungushwa) moja ya gesi, LM2500, ya kukimbilia. Hupokezana kupitia giaboksi, hazisukumi pamoja; kwa hiyo ningeanza kufungua giaboksi hiyo. Wengi huiogopa tabaini, lakini LM2500 iko hata kwenye manowari za Marekani zinazofanya kazi leo, kwa hiyo spea na mafundi wapo. Mimi ningekosa usingizi kwa ajili ya zile dizeli, maana ndizo zilizobeba mwendo wa kila siku.

Kisha tafuta dada zake, yaani meli za aina ileile. Ziliundwa 24, na nyingine zimekwenda Peru, Misri, Vietnam na Kolombia. Hapo kuna faida: zilizostaafu zinaweza kunyofolewa spea. Lakini wote hao wanabisha hodi kwenye stoo moja, basi mkataba useme nani anahudumiwa kwanza.

Kwenye silaha sitakawia. Mizinga ya milimita 76 Ufilipino ilikuwa nayo tayari kwenye meli ilizopata kutoka kwa walinzi wa pwani wa Marekani, kama Gregorio del Pilar. Kazi iko kwenye sona, mtambo wa kusikiliza sauti chini ya maji, na torpedo za kuwindia nyambizi. Msikilizaji wa sona hafunzwi kwa wiki mbili. Uliza pia vibao vya swichi na vitabu vya matengenezo vimeandikwa kwa lugha gani. Fundi anayebahatisha maandishi usiku, moshi umejaa, atafunga vali isiyo yake.

Mwisho, achana na picha za makabidhiano, fuatilia meli ikiwa kazini. Conrado Yap ilikuwa doria Februari 2020 manowari ya China namba 514 ilipoielekezea mtambo wake wa kulenga mizinga. Mimi bado ningetaka kuona daftari la chumba cha injini la safari ile.